Boti, gesti na gari za Pemba kwa msafiri anayerejeshewa: nani anatoa risiti inayopita?

Huduma za safari ya kazi ya Unguja na Pemba watu huzisifu au kuzilaumu kwa bei, kasi ya boti na hali ya vyumba. Hapa kipimo ni kingine. Tunazipima kwa macho ya mtu anayetoa pesa yake leo ili ofisi, mradi au mteja amrejeshee baadaye. Kwa mtu huyo, chumba cha 50,000 kisichokuwa na risiti ni ghali kuliko chumba cha 80,000 chenye risiti. Cha kwanza amekilipa yeye, cha pili kimelipwa na ofisi.

Kabla ya kufika bandarini, mafungu matatu yasichanganywe, kwa sababu madai mengi yanayokataliwa yanakataliwa hapo. Kuna posho ya kujikimu: kiwango kilichopangwa kwa usiku mmoja, unapewa, unakula na kulala upendavyo, na kwa kawaida huulizwi risiti ya wali. Kuna masurufu: pesa unayokabidhiwa kabla ya safari kwa kazi maalumu, na ukirudi unaitolea hesabu shilingi kwa shilingi, salio unarudisha. Na kuna gharama za kurejeshewa zenyewe: umetoa kwako kwanza, unaleta ushahidi, unalipwa kilekile ulichotoa bila ya faida juu yake. Aliyelipwa posho inayobeba chakula na malazi, kisha akaleta risiti ya gesti na ya chakula cha usiku, anadai mara mbili. Hata kama risiti ni halali kabisa, mhasibu ataikata, na ana haki.

Kwa fungu hili la tatu, maswali ya mhasibu hayabadiliki. Matumizi yalikubaliwa kabla? Yalihusu kazi? Yamo ndani ya kiwango? Ushahidi unaonyesha nani kamlipa nani, lini, kiasi gani na kwa kitu gani? Madai yameletwa ndani ya muda? Huduma zote zilizo hapa chini zimepimwa kwa swali la nne, maana hayo mengine yako mikononi mwako na mwa bosi wako.

Boti ndiyo inayoongoza. Tiketi ina jina la abiria, tarehe, njia, daraja, kiasi na namba. Kampuni zinazobeba abiria kati ya Unguja na Pemba, kama Azam Marine na Zan Fast Ferries, zinakata tiketi kwa jina, na mhasibu yeyote anaijua karatasi hiyo kwa kuitupia jicho tu. Hata ukipoteza ya mkononi, uliyoinunua kwa mtandao utaikuta kwenye barua pepe.

Yanayoharibika huwa ni madogo. La kwanza ni jina: tiketi imekatwa kwa jina la nyumbani, kitambulisho na barua ya safari vina jina la skuli. Wekea tiketi jina lililo kwenye barua. La pili ni daraja. Mkataba ukisema daraja la kawaida, ukapanda la juu, unarejeshewa nauli ya kawaida, tofauti ni yako. Usiombe karani akuandikie vingine. La tatu ni kununua kwa watu wanaozunguka nje ya geti. Utalipa nauli pamoja na cha juu, lakini tiketi itaonyesha nauli peke yake, na cha juu hakina pa kuandikwa. La nne linawahusu wasio wakaazi: nauli yao ikiwa imelipwa kwa dola, dai liandikwe kwa sarafu iliyolipwa, kisha ligeuzwe kwa kiwango cha siku ya malipo, na karatasi ya kiwango hicho ifuatane na dai. Ukigeuza kwa kiwango cha siku ya kuandika dai, jumla haitalingana na ya mhasibu na faili litarudi.

Tiketi ya karatasi inachanwa wakati wa kupanda. Angalia umebakishiwa kipande kipi: kile chenye kiasi ndicho kinachotakiwa. Ukibakishiwa kipande chenye namba ya kiti tu, piga picha tiketi nzima kabla hujafika mlangoni.

Halafu kuna bahari. Bahari ya kati ya Unguja na Pemba si ya kuchezea, hasa upepo wa kusi ukishika kasi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari safari huahirishwa. Usiku wa ziada Chake Chake unaotokana na hapo ni gharama halali, lakini haujithibitishi wenyewe. Nenda ofisi ya boti siku ileile, tiketi igongwe muhuri wa kubadilishwa tarehe, au hifadhi ujumbe wa simu uliotumiwa na kampuni. Mjulishe bosi kwa maandishi kabla ya kulala huo usiku wa ziada. Ujumbe wa saa kumi na mbili jioni wenye mistari miwili una nguvu kuliko barua ndefu iliyoandikwa wiki mbili baadaye.

Ndege ni nzuri pia, ila ina mtego wake. Ile karatasi yenye ratiba na namba ya nafasi uliyoiwekea haithibitishi malipo, na kadi ya kupandia haithibitishi bei. Unahitaji tiketi yenye nauli iliyolipwa, na kadi ya kupandia kuonyesha kwamba ulisafiri kweli. Ndege nyingi zinazotua uwanja wa Chake Chake ni ndogo, uzito wa mizigo unabanwa, na anayebeba vipeperushi vya semina au vifaa vya kupimia hulipia kilo za ziada kaunta. Malipo hayo yana risiti yake mbali na tiketi. Watu huisahau mkononi mwa karani kwa haraka ya kupanda, kisha wanashangaa kwa nini nauli iliyorejeshwa haikufika walichotoa. Kwa karatasi, ndege ina alama sawa na boti. Kwa kukubalika haina, kwa sababu ofisi nyingi hutaka kibali maalumu kabla ya kupanda ndege panapofika boti.

Sasa tushuke bandari ya Mkoani, Pemba, ambako mambo yanaanza kulegea. Hamali amekubebea masanduku mawili hadi kituo cha gari. Hana risiti na hatakuwa nayo. Daladala ya Mkoani kwenda Chake haina risiti. Bodaboda ya kwenda shehia isiyofika daladala haina risiti. Hizi ndizo huduma rahisi na za kuaminika kuliko zote kisiwani, na kwa kigezo chetu zinapata sifuri. Si kosa lao.

Dawa yake ni hati ya malipo madogo, ambayo ofisi nyingi zinaikubali kwa kiwango walichojiwekea. Karatasi moja inatosha: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kazi gani, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina la aliyelipwa, saini yake au alama ya dole gumba, na saini yako. Chapisha hati kumi kabla ya kuondoka Unguja, ziwe na namba. Jambo linaloziangusha ni kuzijaza zote usiku mmoja kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, pamoja na saini za madereva sita zinazofanana. Mkaguzi halazimiki kuwa mpelelezi ili kuliona hilo. Kwa daladala, ambako dereva hana nafasi ya kukusainia abiria wakipanda, ofisi zenye busara hukubali tamko lako mwenyewe kwa nauli inayojulikana. Uliza kabla ya safari kama yako ni mojawapo.

Gari ya kukodi inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo gharama kubwa na ndiyo inayogombaniwa. Pemba utapata gari kwa siku, kwa kawaida pamoja na dereva, na makubaliano mengi ni ya mdomo. Yaandikwe, hata kama ni nusu karatasi: namba ya gari, bei ya siku moja, siku ngapi, mafuta ni ya nani, dereva anakula na kulala kwa pesa ya nani. Bei inayojumuisha mafuta ni rahisi kuitetea, kwa sababu risiti inakuwa moja. Mafuta yakiwa juu yako, kila risiti ya kituo ionyeshe lita, bei ya lita, tarehe na namba ya gari. Isiyokuwa na namba ya gari inaweza kuwa ya gari yoyote.

Mhasibu anayejua kazi hatazami risiti peke yake, anapima na masafa. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni takriban kilomita 30, na kutoka Chake hadi Wete ni takriban 30 nyengine. Kwenda na kurudi Mkoani hadi Wete ni kilomita 120. Gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakula lita 12. Ukizungukia Konde na Micheweni, au ukapinda kusini Kengeja, lita 18 au 20 zinaelezeka. Lita 40 kwa siku moja hazielezeki, kisiwa chenyewe hakina barabara za kuzimaliza. Kwa hiyo andika usomaji wa kilomita asubuhi na jioni pamoja na vituo ulivyopita. Mistari minne kwa siku inaokoa mabishano ya mwezi mzima, na wahenga hawakukosea waliposema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Gesti na hoteli ndipo tofauti kati ya huduma moja na nyengine inapoonekana wazi. Zipo nyumba za kulala wageni Chake, Wete na Mkoani zinazotoa risiti ya mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, bila ya kuombwa mara mbili. Zipo zinazoandika kwenye kitabu cha risiti kilichonunuliwa dukani, na zipo zinazokuuliza "unataka tukuandikie ngapi?" Hizo za mwisho kimbia. Risiti iliyozidishwa ni udanganyifu hata kama kila mtu anacheka wakati wa kuiandika, na ikigundulika moja, risiti zote za safari zinatiliwa shaka.

Wageni kutoka Bara wana tatizo lao la pekee. Wahasibu wa Dar es Salaam au Dodoma wamezoea risiti ya mashine yenye jina la Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na wakiona ya ZRA wengine huirudisha wakidhani si ya serikali. Kodi ya ongezeko la thamani kwa biashara za Zanzibar inasimamiwa na ZRA, chombo kilichokuwa kikiitwa Bodi ya Mapato, ZRB, mpaka 2022. TRA ipo Zanzibar pia, lakini kwa kodi za Muungano kama ya mapato na ushuru wa forodha. Risiti ya gesti ya Wete kuwa na jina la ZRA ndivyo inavyotakiwa iwe. Mwambie mhasibu wako kabla ya safari, si baada yake.

Risiti ya malazi inayopita ina vitu hivi: jina la gesti na namba yake ya mlipakodi, jina lako au la taasisi yako, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya usiku, bei ya usiku mmoja, jumla, na tozo yoyote kwenye mstari wake. Hapo kwenye idadi ya usiku ndipo penye makosa mengi. Aliyeingia Jumatatu akatoka Alhamisi amelala usiku 3, hata kama alikuwepo siku 4. Risiti ya usiku 4 itakatwa moja, na boti ya Alhamisi itakuwa shahidi dhidi yako. Kama bei ina chai ya asubuhi, iandikwe. Ofisi nyengine hupunguza posho kwa ajili yake, na ni bora ijulikane mapema. Vitu vya chumbani, kama maji ya ziada, kufuliwa nguo na soda, omba viandikiwe risiti mbali. Vikichanganywa na chumba, mhasibu mvivu anarudisha yote badala ya kukata 3,000 ya soda.

Karatasi mbili huleta mkanganyiko kaunta. Ankara ya awali inakwambia utalipa nini. Ankara ya kawaida inakwambia unadaiwa nini. Zote mbili hazisemi kwamba umelipa. Muhuri mkubwa wa buluu wenye jina la gesti hauigeuzi ankara kuwa risiti, ingawa imani katika mihuri visiwani kwetu ni kubwa mno.

Chakula kwa mtu mmoja kiache ndani ya posho, usijisumbue. Mama anayeuza mihogo na samaki Tibirinzi hana mfumo wa risiti, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Chakula cha semina ni habari nyengine. Hapo mpishi anatoa risiti moja kubwa, na risiti hiyo haina thamani bila ya orodha ya mahudhurio yenye majina na saini. Sahani zikiwa 32 na saini 27, sahani 5 ni zako. Weka agizo kwa maandishi siku moja kabla, ongeza sahani chache za tahadhari kama bajeti imeruhusu, na taja idadi hiyo ya ziada kwenye agizo lenyewe. Wapishi wa Pemba tuliowapima kwa hili ni wazuri: wanaandika aina ya chakula, idadi na bei ya sahani. Wanachosahau ni tarehe. Isome risiti kabla hujaikunja.

Malipo kwa simu yamerahisisha mengi na yamewadanganya wengi. Ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako ikaenda kwa fulani saa fulani. Hausemi ulinunua nini. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, ujumbe na risiti. Ukilipa kwa namba ya biashara, jina la biashara linatokea kwenye ujumbe na kazi inakuwa nyepesi. Ukitumiwa namba ya simu ya meneja, jina litakalotokea ni la mtu binafsi, na mhasibu atauliza huyo ni nani. Hapo omba risiti iandikwe "imelipwa kwa simu" pamoja na namba ya muamala. Ada ya kutuma inarejeshwa na baadhi ya ofisi, mradi ionekane kwenye ujumbe na iandikwe mstari wake. Usiijumlishe kimyakimya kwenye bei ya chumba.

Karatasi zenyewe nazo zina maradhi. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayogeuka rangi kwa joto, haina wino. Joto lile lile linaloiandika ndilo linaloiharibu. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari mchana wa Pemba itakuwa nyeusi; ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki wenye jasho kwa wiki tatu itafifia hadi iwe nyeupe. Gundi ya selotepu juu ya maandishi inayafuta, na kalamu ya kung'arisha maandishi inaweza kuyafifisha. Piga picha siku hiyohiyo, toa nakala kwenye karatasi ya kawaida, na bana ya asili nyuma ya nakala kwa pini pembeni, pasipo na maandishi. Duka la fotokopi la mjini Chake litakutoza kidogo kuliko thamani ya risiti moja iliyofutika. Na risiti ya fotokopi nayo ichukue.

Ukirudi Unguja, panga kwa tarehe, zipe risiti namba kuanzia 1, na andika orodha yenye namba, tarehe, maelezo na kiasi. Kwa masurufu, hesabu inafungwa kwa shilingi. Ulichukua 600,000, risiti zimejumlisha 548,000. Hiyo 52,000 iweke benki kwenye akaunti ilikotoka, hati ya benki iambatane na faili. Kumkabidhi mhasibu mkononi ni kutafuta ugomvi wa baadaye. Ikiwa umetumia 631,000, hiyo 31,000 inakuwa dai la kurejeshewa, na itahitaji kibali kwa sababu imevuka kilichoidhinishwa. Masurufu yasiyofungwa kwa wakati kwa kawaida humfungia mtu masurufu mapya, na mwisho wake ni kukatwa mshahara.

Mshauri au fundi anayefanya kazi kwa mkataba ana jambo moja zaidi la kuangalia: asichanganye ada na gharama kwenye mstari mmoja wa ankara. Tuseme ada ni 2,000,000 na gharama za safari 480,000. Mteja anayekata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, akikuta jumla ya 2,480,000 imeandikwa "huduma ya ushauri", atakata 124,000. Ada na gharama zikitenganishwa, na risiti zikiwapo, zuio la ada ni 100,000. Tofauti ya 24,000 inatokana na namna ankara ilivyopangwa tu. Mkataba nao uwe umetaja gharama zipi zinarejeshwa, kwa kiwango gani na kwa ushahidi upi. Neno "gharama za safari" peke yake halisemi kama gari ya kukodi imo au haimo.

Ukabidhi risiti za asili kwa saini ya kupokewa, ubaki na nakala zote. Mafaili huhamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyengine, na anayetakiwa kuthibitisha upya ni yule anayedai.